Maji ya Kibera Huishia Malindi

Mto unaoitenga Kibera na Lang'ata una majina mawili kwenye ramani. Huitwa Motoine unapotoka misitu ya upande wa Dagoretti na Ngong Road, kisha huitwa Ngong ukishavuka Bwawa la Nairobi. Ukingoni kwenyewe, katika vijiji vya Kibera kama Lindi au Silanga, majina hayo hayana kazi. Mtu akisema mtaro, kila mmoja anajua anachokitaja. Maji ni meusi, yamebeba mifuko, viatu vilivyochoka na kila kilichotupwa usiku huko juu. Mgeni anaweza kuapa kwamba uchafu huu mwisho wake ni papo hapo. Kumbe maji hayo yako safarini kuelekea Bahari Hindi. Yatapita Ukambani, yavuke mbuga ya Tsavo, yapite mashamba ya Wagiriama, na kutoka kaskazini mwa Malindi yakiitwa Sabaki.

Kawangware nayo ina fungu lake. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, mahali ambapo majani yameshikana juu ya maji hadi ardhi hutikisika ukiikanyaga. Kutoka huko unateremka kupitia Dagoretti na viunga vya Kawangware, unapita Chiromo, unakatiza jiji hadi Gikomba, unalisugua jalala la Dandora. Kijito cha Kirichwa Kubwa, kinachokusanya maji ya upande huohuo wa Kawangware, hupita Lavington na Kilimani, ambako nyumba za wenye pesa zimekipa mgongo, halafu kinapita kandokando ya Arboretum na kuungana na Mto Nairobi. Mathare huingia kutoka kaskazini. Ngong, ukishamalizana na Kibera, hupitia South B, Eneo la Viwandani na Mukuru, kisha huungana na wenzake upande wa Njiru. Maji yote hayo, yakishakuwa kitu kimoja, humwagika katika Mto Athi upande wa Ol Donyo Sabuk, jirani na maporomoko ya Fourteen Falls.

Athi wenyewe umeanzia pande za Ngong kwa jina la Mbagathi, ukawa mpaka wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, ukapita mji unaobeba jina lake. Baada ya Fourteen Falls unaelekea kusini-mashariki, ukiambaa na mwinuko wa Yatta, ambao ni lava iliyomwagika zamani sana na kuganda kwa urefu wa karibu kilomita 300. Ndani ya Tsavo unapokea Mto Tsavo, na kuanzia hapo unaitwa Galana. Ukikaribia pwani ndipo unapoitwa Sabaki. Wataalamu wa jiografia huuandika Athi-Galana-Sabaki, urefu wake takriban kilomita 390, wa pili nchini baada ya Tana, na eneo linalomwaga maji yake humo ni kama kilomita za mraba 70,000. Majina yamegawanywa hivyo kwa sababu kila jamii iliita kipande kilichopita kwake. Ubaya wake ni kwamba hata serikali, tangu ya wakoloni hadi ya leo, imekuwa ikiushughulikia mto huu kwa vipandevipande, na kipande cha jirani hakimhusu mtu.

Mtu mmoja aliuona karibu wote, tena kwa miguu. Frederick Lugard, afisa aliyeajiriwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alitumwa mwanzoni mwa 1890 kutafuta njia ya kwenda bara kwa kuufuata Sabaki, akijenga vituo vyenye maboma ya miti njiani. Bonde hilo halikuwa pori tupu. Malindi ilikuwa imefufuka katika miaka ya 1860 chini ya masultani wa Zanzibar, ikauza mtama na ufuta uliolimwa na watumwa, na watumwa waliotoroka walikuwa na vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwa mojawapo. Lugard aliupandisha mto, akapita kwenye miamba ya Galana inayochongwa na maji hadi leo. Watalii wa Tsavo Mashariki wanaijua miamba hiyo kwa jina lake, Lugard Falls, ingawa waliokuwa wakinywesha mifugo hapo hawakumngoja yeye aione.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1890, Lugard yuleyule alikuwa Dagoretti, kwenye chemchemi za juu kabisa za mto huohuo, akifanya mapatano na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga, na kujenga ngome. Ukipanda matatu ya 46 kwenda Kawangware leo, hauko mbali na mahali hapo. Mapatano hayakudumu. Lugard aliendelea na safari ya Buganda, watu wa Kampuni waliobaki wakaanza kupora vyakula, ngome ikaachwa, na nyingine, Fort Smith, ikajengwa Kabete. Mnamo Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa pwani. Hakufika, alifia Kibwezi, na vijito vya Kibwezi humwagika katika Athi. Yaani mzee huyo aliteremshwa bonde lilelile ambalo mgeni wake alikuwa amelipanda.

Reli ilikuja nyuma yao na kukutana na maji haya mara mbili. Mwaka wa 1898 ujenzi ulikwama kwenye daraja la Mto Tsavo, simba wawili wakiwala vibarua hadi J. H. Patterson alipowaua Desemba. Kisa hicho kimesimuliwa hadi kimechosha. Mkutano wa pili, ambao husimuliwa kidogo, ulikuwa na matokeo makubwa zaidi. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika kwenye uwanda wenye majimaji ambao Wamaasai waliujua kwa maji yake ya baridi, na wahandisi wakasimamisha kambi kwa sababu mbele kulikuwa na mteremko mkali na hapo palikuwa na maji ya kutosha. Nairobi ilizaliwa kwa ajili ya mto. Miaka mitatu haikupita kabla tauni haijazuka katika soko la Wahindi, na wakubwa wa mji wakaagiza lichomwe moto.

Kibera nayo ni zao la utawala huo. Wanajeshi wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles, ambao leo tunawaita Wanubi, walianza kukaa katika msitu huo mwaka wa 1904 au karibu na hapo. Mwaka wa 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi, na Wanubi wakaishi humo kwa ruhusa bila hati. Reli ya kwenda Kisumu ilipita juu yao, mto ukapita chini yao. Ruhusa bila hati ndiyo mzizi wa mambo mengi yaliyofuata. Wanubi walingoja karibu miaka mia moja. Hati ya pamoja waliyopewa Juni 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Sasa tuteremke hadi mwisho wa mto, miaka ileile ya mwanzo wa karne ya ishirini. Wagiriama walikuwa wamevuka Sabaki na kulima ng'ambo ya kaskazini, kwenye udongo mzuri, mahindi yao yakiuzwa hadi Mombasa. Waingereza walitaka vibarua wa mashamba ya walowezi, na mtu mwenye shamba lake lenye rutuba haendi kibarua. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walipowaapisha watu wasitii, walikamatwa mwaka wa 1913 na kupelekwa Kisii. Wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti, ikachoma nyumba, ikatoza faini, ikawaamuru Wagiriama wahame kutoka upande wa kaskazini wa Sabaki. Amri ililegezwa baadaye, lakini njaa ilikuwa imeshaingia.

Naziweka hadithi hizi mbili pamoja kwa makusudi. Juu ya mto, serikali iliwapa watu mahali pa kukaa bila kuwapa ardhi. Chini ya mto, iliwaondoa watu kwenye ardhi waliyokuwa nayo. Mto ulikuwa mstari wa kuchorea tu, na aliyeshika kalamu hakuwa akiishi ukingoni.

Mwaka wa 1953 wahandisi walilikinga bonde la Motoine kwa ukuta na kupata Bwawa la Nairobi, ziwa la ekari kama 88, akiba ya maji ya jiji wakati wa dharura. Palikuwa na chama cha mashua za tanga. Wazee wa Kibera wanakumbuka samaki, na wanakumbuka kuogelea. Leo gugumaji limelifunika, tope limejaa, na katika sehemu nyingine watu wanalima mahali palipokuwa na maji.

Lawama imewaangukia wakazi wa Kibera, na ndiyo sehemu ya historia hii inayoniudhi. Ardhi ya Kibera ilihesabiwa ya serikali, na wakazi wakahesabiwa wavamizi. Kuwachimbia bomba la maji taka kungekuwa kukiri kwamba wapo. Basi bomba likapita mbali, vyoo vikawa vya shimo, mashimo yakajaa, na mvua ikamaliza kazi. Hata idadi yao ilikuwa ya kubahatisha. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa wako milioni moja, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu watu 170,070. Kawangware ilifika mahali palepale kwa njia nyingine. Hiyo ilikuwa ardhi ya Wakikuyu, Dagoretti ikaunganishwa na jiji wakati wa uhuru, viwanja vina wenyewe wenye hati. Wenye viwanja wakajenga nyumba za kupangisha, mabati kwanza na ghorofa baadaye, kasi ikiyashinda mabomba ya jiji. Ukiongeza machinjio ya Dagoretti kwa juu na viwanda kwa chini, utaona kwamba mama anayemwaga maji ya kufulia pale Gatwekera, Kibera, amekuwa mshtakiwa wa kwanza kwa sababu tu ndiye anayeonekana.

Bahari imeweka kumbukumbu. Watafiti waliochunguza tumbawe la miaka 300 hivi katika miamba ya Malindi, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2007, walisoma matabaka yake kwa kupima bariamu, kemikali inayoletwa na udongo wa mtoni. Kati ya 1700 na 1900 udongo ulioletwa na Sabaki haukubadilika sana. Baada ya 1900 ukaanza kupanda, na miaka ya 1970 ukafikia kilele. Huo ni udongo wa mashamba ya Ukambani na nyanda za juu, misitu iliyokatwa, ukame uliofuatwa na mvua kubwa. Ndio unaoifanya ghuba ya Malindi igeuke rangi ya chai ya maziwa kila masika, mbele ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka wa 1968, na kuwafanya wenye hoteli walalamike.

Wa pwani wana sababu kubwa kuliko rangi. Mombasa imekuwa ikinywa maji ya bonde hili tangu bomba la chemchemi za Mzima lilipofika mwaka wa 1957. Mzima hulisha Mto Tsavo. Baricho, kandokando ya Sabaki, visima huvuta maji yaliyochujwa na mchanga wa mto na kuyapeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Juu zaidi, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi kati ya Makueni na Kitui, bwawa kubwa limekuwa likijengwa tangu 2018, la kushika maji yanayokaribia mita za ujazo milioni 700, kwa kunywa, kumwagilia na umeme. Makueni wameuliza swali ambalo Nairobi haikupenda kuulizwa: tutakunywa nini hasa?

Nairobi ina jibu lake la kila wakati. Mwaka wa 1999 kulikuwa na mpango wa bonde la Mto Nairobi chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira tangu 2008, alisukuma usafishaji kwa ukali hadi maji ya katikati ya jiji yakaanza kuonekana. Alifariki Februari 2012, na kasi ikafa naye. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Kisha mvua za Aprili 2024 zikaleta mafuriko, watu wakafa Mathare na Mukuru, na mwezi Mei matingatinga yakabomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 za ukingo. Mita hizo zilipimwa kwa makini zaidi kwenye mabati kuliko kwenye ukuta wa mawe; mtu anayejua Kirichwa unavyopita Kilimani haambiwi hilo.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi mpya wa mabilioni wa kuurejesha uhai Mto Nairobi: mabomba ya maji taka pande zote mbili, nyumba, masoko, njia za miguu. Unahusu takriban kilomita 27, kuanzia Barabara ya Naivasha, upande wa Kawangware, hadi Ruai. Njiru iko ndani ya kilomita hizo, na hapo ndipo Ngong unapoingia na maji ya Kibera, ya Eneo la Viwandani na ya Mukuru. Mabomba yasipofika Lindi, Silanga na Mukuru kwa Reuben, mto utakaokuwa umesafishwa kutoka Kawangware utachafuka tena Njiru, na Thwake itapokea kilichobaki.