Jicho kama Shahidi: Historia ya Kupima Ulevi kwa Miendo ya Macho

Kabla ya kuwapo kwa vipimo vya damu na pumzi, ulevi wa mtu ulihukumiwa kwa mwendo wake, usemi wake na harufu ya kinywa chake, na hukumu hiyo ilikuwa dhaifu kwa sababu mambo yote matatu yanaweza kufichwa kwa kiasi fulani. Mnywaji mzoefu hujikaza akasimama wima, hupunguza maneno na hutafuna kitu cha kuondoa harufu, hivi kwamba anayemtazama hubaki na shaka. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu wa Ulaya na Marekani walijitahidi kupata kipimo ambacho nia ya mnywaji haiwezi kukiingilia, na juhudi hizo ndizo zilizowafikisha kwenye macho.

Hatua ya kwanza ilihusu fikra zenyewe. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili aliyepata mafunzo ya upimaji katika maabara ya Wilhelm Wundt mjini Leipzig, alichapisha mwaka 1892 kitabu kuhusu athari za dawa na vinywaji mbalimbali, kikiwamo kilevi, juu ya kazi nyepesi za akili. Alitumia kronoskopu, yaani saa yenye uwezo wa kupima sehemu za elfu za sekunde, ili kujua muda unaopita kati ya mtu kuona au kusikia ishara na kuijibu kwa mkono. Aligundua kwamba baada ya kunywa kiasi kidogo mtu anaweza kujibu ishara nyepesi kwa haraka zaidi kwa muda mfupi, kisha akawa mzito, ilhali kazi inayodai kupambanua na kuchagua huharibika mapema. Alihitimisha kwamba kilevi huuharakisha mwili kutenda huku kikiidhoofisha akili inayopaswa kuamua kama tendo hilo linafaa.

Udhaifu wa majaribio ya wakati huo ni kwamba mpimwaji alijua anachokunywa, na mara nyingi mpimaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mpimwaji. W. H. R. Rivers wa Cambridge alilikabili tatizo hilo katika utafiti wake kuhusu uchovu, uliochapishwa mwaka 1908, kwa kuificha ladha ya kilevi ndani ya kinywaji kingine ili mhusika asiweze kutambua siku ipi amepewa kilevi na siku ipi hakupewa. Baada ya tahadhari hiyo, baadhi ya athari zilizokuwa zikihusishwa na kiasi kidogo cha kilevi hazikuonekana tena. Mchango wa Rivers hautajwi mara nyingi inavyostahili, kwani ndio ulioonyesha kwamba matarajio ya mnywaji ni sehemu ya ulevi wake, na kwamba kipimo chochote kinachotegemea bidii yake kitachanganya athari za kinywaji na za imani yake kuhusu kinywaji hicho.

Raymond Dodge ndiye aliyeligeuza fundisho hilo kuwa hoja ya kupima macho. Mwanasaikolojia huyo wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimboni Connecticut, alikuwa amebuni pamoja na Thomas Cline, mwaka 1901, njia ya kupiga picha mng'ao wa nuru unaoakisiwa na konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, juu ya bamba la picha linaloshuka polepole, hata mwendo wa jicho ukabaki kama mstari unaoweza kupimwa. Kwa njia hiyo iliwezekana kupima kasi ya sakadi, ambazo ni miruko ya ghafla inayolihamisha jicho kutoka kitu kimoja hadi kingine, kama macho yanavyofanya wakati wa kusoma. Mtu anaweza kuamua atazame wapi na lini, lakini hawezi kuongeza kasi ya mruko wenyewe kwa kutaka, na tofauti hiyo kati ya uamuzi na utekelezaji ndiyo iliyompa Dodge alichokihitaji. Goti linalopigwa kwa kinyundo lina sifa kama hiyo, lakini goti halisomi wala halitafuti kitu. Jicho hufanya kazi ya akili huku likitii kanuni za neva ambazo akili haiwezi kuzibadili.

Mwaka 1915 Dodge na Francis Benedict, mkurugenzi wa Maabara ya Lishe ya Taasisi ya Carnegie mjini Boston, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kuwapa watu sentimita za ujazo 30 au 45 za ethanoli, ambayo ndiyo kilevi chenyewe kilichomo katika vinywaji. Kasi ya sakadi ilipungua kwa takribani asilimia 11, jicho lilichelewa kuanza kuifuata ishara, na mrusho wa goti ulipungua karibu nusu, huku kumbukumbu ikionekana kuguswa kidogo tu. Matokeo hayo yalipingana na dhana ya Kraepelin kwamba sehemu za juu za ubongo ndizo zinazoathirika kwanza. Dodge na Benedict walieleza kwamba sehemu hizo zina uwezo wa kujikusanya upya mtu anapotia bidii, uwezo ambao sehemu za chini hazina. Maelezo yao ni ya busara, na yanaonyesha kwa nini mlevi aliye mbele ya mpimaji anaweza kukumbuka orodha ya maneno na bado asifae kushika usukani.

Wakati huohuo, tawi lingine la elimu lilikuwa likifuatilia mtikisiko wa macho uitwao nistagmasi, ambapo jicho hutambaa polepole upande mmoja na kurudishwa ghafla upande wa pili, tena na tena, bila hiari ya mwenye jicho. Robert Bárány wa Vienna, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake kuhusu viungo vya mizani vya sikio la ndani, na ambaye habari ya tuzo ilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi, alikuwa miongoni mwa waliochunguza mtikisiko huo kwa watu walionyweshwa kilevi. Mwaka 1956 Gunnar Aschan na wenzake nchini Sweden walieleza kwamba nistagmasi inayotokea mnywaji anapolala kwa ubavu ina vipindi viwili: cha kwanza huanza muda mfupi baada ya kunywa na kudumu saa kadhaa, kisha hufuata utulivu, na baadaye mtikisiko hurudi ukielekea upande wa pili, nao huweza kuendelea hata baada ya kilevi kwisha katika damu.

Ufafanuzi wa jambo hilo ni mojawapo ya sehemu zinazopendeza zaidi katika historia hii nzima. Ndani ya mifereji ya sikio la ndani mna majimaji, na katika kila mfereji mna kupula, yaani kiwambo laini chenye uzito unaolingana na wa majimaji hayo, hivyo huinama kichwa kinapozunguka tu. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji na huingia katika kupula mapema kuliko katika majimaji, kwa hiyo kiwambo huwa chepesi, huelea, na kuuarifu ubongo kwamba kichwa kinazunguka ilhali mtu amelala kimya. Kilevi kikiisha kuenea kote, uwiano hurudi. Kinapoondoka, huitoka kupula kwanza, nayo huwa nzito kuliko majimaji. Mwaka 1974 K. E. Money na W. S. Myles wa Kanada walitoa ushahidi wa hoja hiyo kwa kutumia maji mazito, ambayo uzito wake unazidi wa maji ya kawaida: maji hayo yalizalisha nistagmasi ya upande wa kinyume, na yalipotolewa pamoja na kilevi, athari hizo mbili zilifutana.

Polisi, hata hivyo, walihitaji kipimo cha barabarani. Rolla Harger alikuwa amebuni nchini Marekani, katika miaka ya 1930, chombo cha kupima kilevi katika pumzi, na Robert Borkenstein akatengeneza kilicho bora zaidi mwaka 1954. Kutoka kwao kinatokana kile ambacho madereva wa Kenya wanakijua kwa jina la alkoblo. Lakini kiasi cha kilevi mwilini na ulevi si kitu kimoja, kama Leonard Goldberg alivyoonyesha mjini Stockholm mwaka 1943 alipolinganisha wasiokunywa, wanywaji wa wastani na wanywaji wa kupindukia, akakuta kwamba kiwango kilekile katika damu huwaathiri kwa tofauti kubwa.

Mwaka 1977 Marcelline Burns na Herbert Moskowitz wa California walikamilisha utafiti kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, nao wakapendekeza majaribio matatu: kutembea na kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, na kufuata kalamu kwa macho. Katika jaribio la tatu, linalohesabiwa kuwa bora kati ya hayo, askari hutazama kama jicho linafuata kwa ulaini, kama linatikisika linapofika pembeni kabisa, na kama mtikisiko unaanza kabla ya nyuzi 45. Hapa sikio silo chanzo. Shina la ubongo na ubongo mdogo, yaani serebela, hushindwa kulishikilia jicho pembeni, nalo huteleza kuelekea katikati.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Moskowitz na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti wenye uzito mkubwa zaidi kwa habari ya kufikiri, walipoonyesha kwamba mtu aliyekunywa, akitazama filamu ya barabara, hukaza macho kwa muda mrefu zaidi mahali pamoja na kutazama sehemu chache zaidi kwa muda uleule, kwa sababu ubongo wake unachelewa kuchakata kile kilichokwisha kuonekana. Kipimo hicho kinagusa akili inayoendesha gari, lakini kilidai vifaa vya maabara, na kilichoingia mikononi mwa polisi kikawa mtikisiko unaoonekana kwa macho matupu. Mahakama zililazimika kuiweka sawa tofauti hiyo. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Arizona ilikubali nistagmasi kama sababu ya kumkamata dereva, ikakataa itumike peke yake kutaja kiwango cha kilevi katika damu, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kwamba mtikisiko huo unaweza kuonyesha kuwa yaelekea dereva amekunywa na kwamba huenda uwezo wake umepungua, lakini hauwezi kueleza amelewa kwa kiasi gani.