Michezo ya Kuigiza Darasani: Kazi ya Shule au Kupoteza Wakati?

Wako wazazi wanaonung'unika wakisikia kwamba watoto wao wamecheza mchezo wa kuigiza darasani. Husema, "Tumewapeleka kusoma, si kucheza." Neno hilo tusilidharau, maana karo hupatikana kwa jasho, na huku Ubwari hupatikana kwa nyavu za usiku na jembe la mchana. Basi na tuangalie habari za zamani, ndipo tutakapojua kama manung'uniko hayo ni ya haki.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1599 Mapadre Wajesuiti walitoa kitabu cha sheria za shule zao, kiitwacho Ratio Studiorum. Humo waliagiza kwamba michezo mikubwa iwe michache, tena iwe kwa Kilatini. Lakini mwalimu wa ufasaha wa maneno alipewa ruhusa nyingine: mara kwa mara awape wanafunzi kutunga onyesho fupi au mazungumzo, na lililo bora lichezwe darasani, kila mtu na sehemu yake, pasipo mapambo yo yote ya jukwaa. Angalieni busara yake. Hapakuhitajiwa fedha wala mavazi, ila sauti, kumbukumbu na akili. Pierre Corneille alisoma katika shule yao ya Rouen, na Molière katika shule yao ya Paris. Baadaye hao wawili wakawa mabingwa wa michezo katika Ufaransa.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Wabembe wa Fizi walikuwa na chama cha Alunga, na aliyevaa kinyago chake chenye nyuso mbili alitokea mbele ya watu akicheza na kuimba kwa sauti iliyogeuzwa. Mtazamaji alijua kwamba ndani yupo mtu, hata hivyo alisikiliza kwa heshima. Kuvaa nafsi ya mwingine ili watu wafundishwe, hiyo ni elimu tuliyokuwa nayo kabla ya ubao na chaki.

Shule za sekondari zilipokuja, zilikuja na lugha zake. Katika Kongo mwanafunzi alikutana na Corneille, Racine na Molière kwa Kifaransa. Katika Kenya alikutana na Shakespeare kwa Kiingereza. Shule ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilijulikana kwa michezo ya Shakespeare, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo toka 1955 hata 1958, ameyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Yeye huyo baadaye aliona kwamba wakulima wa kijiji chake hawawezi kufaidi mchezo wa lugha wasiyoijua. Mwaka 1977 mchezo alioutunga kwa Kikikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mirii ukachezwa na watu wa Kamirithu wenyewe. Serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa mwaka huo yeye akatiwa kizuizini. Je, nani hufunga mtu kwa ajili ya jambo lisilo na nguvu?

Katika Tanganyika ilifuatwa njia nyingine. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa Pugu mpaka mwaka 1955, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, ukachapishwa mwaka 1963, yeye akiwa amekwisha kuwa Rais. Mwaka 1969 ulitoka tena umesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi. Washairi wetu wamezoea vina na mizani, lakini yeye aliacha vina, kama Shakespeare mwenyewe alivyofanya mara nyingi katika michezo hiyo. Tena neno lenyewe la Kiingereza lilikuwa mfanyabiashara tu. Nyerere akachagua mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. S. S. Mushi naye alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Mchezo huu wa pili waanza na jahazi katika dhoruba. Mtoto wa Ubwari, aliyewahi kungoja pwani mtumbwi wa baba yake usiku wa upepo, hahitaji kuelezwa hofu ile.

Sasa tuje kwenye faida yenyewe. Katika Juliasi Kaizari, Bruto na wenzake wamekwisha kumwua Kaizari. Bruto anawaeleza watu sababu zake, nao wanamshangilia. Baada yake anasimama Antonio, na kwa maneno matamu anawageuza watu wale wale, hata wanakimbia kuchoma nyumba. Njiani wanamkuta mtu mmoja, jina lake Sina. Yeye ni mshairi, hana hatia, ila jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaambia wazi kwamba siye. Hawasikii. Wanamwua kwa ajili ya jina lake.

Ndugu msomaji, nchi ya Fizi imeona vita vya 1964 na vya 1996, na vingine vilivyofuata. Mara ngapi katika Kivu mtu ameulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa kosa lake? Mwanafunzi akisoma onyesho lile kwa macho tu, atapata maksi na kusahau. Lakini akisimama mbele ya wenzake awe Sina, na wenzake wamzunguke wakipiga kelele, atajua moyoni jinsi mtu asiye na hatia anavyotetemeka. Na wale wanaopiga kelele watajua jambo kubwa zaidi: jinsi ilivyo rahisi kupiga kelele pamoja na wengi.

Hayo yawezekana Baraka, Fizi na katika kila kijiji cha rasi yetu. Meza zisogezwe ukutani, onyesho liwe la robo saa, na Kiswahili cha soko la Baraka kisionewe haya. Mwanafunzi aliyeelewa kwa Kiswahili atakirudia kitabu cha Kifaransa akiwa na mwanga, si kama kasuku. Kisha mwalimu awaulize: Kwa nini mlimfuata Antonio? Nani kati yenu angesema hapana?

Mzazi atakayekuja kusikiliza majibu ya mtoto wake siku hiyo, yeye mwenyewe atahukumu kama karo yake imepotea.