Kumkinga mbwa na baridi

Kumkinga mbwa na baridi ni sehemu ya utunzaji wa mbwa anayelala nje ya nyumba, yaani uani au kwenye kibanda (huitwa pia banda la mbwa). Katika Afrika Mashariki jambo hili linahusu hasa miezi ya Juni hadi Agosti, majira ya kipupwe, na sehemu zilizoinuka sana juu ya usawa wa bahari. Mbwa mzima mwenye afya na manyoya makavu huvumilia baridi ya kawaida ya ukanda huu. Wanaoumia ni watoto wa mbwa, mbwa wazee, wagonjwa, waliokonda na waliolowa. Kwa hao kibanda kilichojengwa vibaya kinaweza kuwa na madhara kuliko kutokuwa na kibanda kabisa.

Baridi ya Tabora na ya nyanda za juu

Mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, uko kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili; baada ya hapo mbingu hubaki bila mawingu kwa miezi kadhaa. Mchana wa Julai joto hufika 28 °C hivi, lakini usiku hushuka hadi karibu 15 °C, na siku nyingine chini ya hapo. Sababu yake ni kwamba hewa ni kavu na hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee angani. Saa ya baridi kali ni alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Katika miezi hiyo pia huvuma upepo kutoka kusini-mashariki.

Kwa mtu anayetoka Ulaya, 15 °C si baridi. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, aliyelala juu ya saruji tupu huku upepo ukimpiga, hali ni nyingine. Tofauti ya joto la mchana na la usiku nayo ni kubwa, hivyo kibanda kimoja hutakiwa kumkinga mnyama yule yule na jua la saa nane mchana na baridi ya saa kumi na moja alfajiri.

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo wenye kimo cha mita 2,600 hivi, usiku wa Juni na Julai huweza kuleta jalidi juu ya majani. Huko Limuru na Kinangop nchini Kenya baridi ya Julai huja pamoja na mawingu, ukungu na manyunyu, kwa hiyo adui mkubwa ni unyevu. Mbwa aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko mbwa mkavu hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi zile zile.

Mbwa hutunzaje joto

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya 38 na 39.2 °C, yaani juu kidogo ya lile la binadamu. Mbwa anaposikia baridi hujikunja na kuficha pua chini ya mkia, husimamisha manyoya ili yashike hewa, na hatimaye hutetemeka. Kutetemeka hutumia chakula kingi cha mwili, ndiyo maana mbwa anayepewa ugali mtupu hukonda upesi wakati wa baridi. Kumwongezea dagaa, mabaki ya nyama au mafuta kidogo humsaidia kuliko kumvisha nguo.

Joto hutoka mwilini kwa njia kadhaa, lakini kwa mbwa aliyelala njia inayosahaulika ni sakafu. Zege hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko mbao au nyasi kavu, na sehemu ya tumbo inayogusa sakafu ina manyoya machache. Watu wengi huanza kwa kuziba kuta, ilhali joto linapotelea chini.

Joto la mwili likishuka chini ya 35 °C mnyama huwa katika hali ya hipothemia. Huwa mzito, hutembea kwa kuyumba, masikio na nyayo huwa baridi na ufizi hufifia. Likishuka chini ya 32 °C kutetemeka hukoma mara nyingi. Mwenye mbwa anaweza kudhani kuwa mnyama ametulia, kumbe ndiyo dalili ya hatari.

Mbwa wa uani katika mji wa Tabora

Mtendeni ni moja ya kata za Tabora Mjini. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, na Uislamu uliingia huko pamoja na misafara hiyo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa na mwili wake ukiwa umelowa kuwa najisi, ingawa sheria ya dini huruhusu kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Kwa sababu hiyo mbwa halali ndani ya nyumba. Hata katika nyumba za wasio Waislamu mbwa huhesabiwa kuwa mnyama wa nje. Swali la kumwingiza sebuleni usiku wa baridi, ambalo vitabu vya Ulaya hulijibu kwanza, kwa kawaida halipo.

Katika miji ya Tanzania mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Banda kwa hiyo hujengwa kwa kufikiria mchana: sakafu ya saruji ili isafishike kwa maji, mbele wavu wa chuma au nondo ili mbwa aone wageni, na juu bati moja. Mchana bati hilo huwa kama tanuri. Usiku hupoa haraka kuliko hewa yenyewe kwa kuwa hutoa joto kuelekea anga lililo wazi, na mbwa anayerudi kujipumzisha saa tisa usiku hukuta chumba chenye sakafu baridi, paa baridi na upande mmja ulio wazi. Mara nyingi huamua kulala kwenye majivu ya jikoni au juu ya lundo la mchanga, na kwa kweli amechagua vizuri.

Ujenzi wa kibanda

Kibanda cha kulala kinapaswa kuwa kidogo. Mbwa ndiye jiko lake mwenyewe, na chumba kikubwa hakiwezi kupata joto kutokana na mwili mmoja. Kipimo kinachotosha ni mbwa aweze kuingia, kusimama, kugeuka na kulala kwa kujinyoosha. Mlango uwe na upana wa kumpitisha tu. Kama tayari kuna banda kubwa la wavu, hakuna haja ya kulibomoa: sanduku la mbao huwekwa ndani yake kwenye kona, na mlango wa banda huachwa wazi usiku ili mbwa anayelinda aweze kuingia apendapo.

Sakafu huinuliwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini kwa matofali au vipande vya mbao, na juu yake huwekwa mbao. Nafasi iliyo chini huzuia unyevu wa ardhi, na katika masika huzuia maji ya uani yasiingie.

Mlango usielekee upepo unakotoka. Kwa Tabora maana yake ni kuuelekeza kaskazini au kaskazini-magharibi. Kwa kuwa mji uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, hivyo mlango unaoelekea huko hupata pia mwanga wa jua. Gunia lililotundikwa mlangoni hupunguza upepo, mradi lisiguse chini na kulowa.

Chini ya bati huwekwa dari ya mbao, mkeka wa zamani au tabaka nene la nyasi. Dari hiyo husaidia nyakati zote mbili, kwa sababu inayozuia joto lisitoke usiku ndiyo inayozuia jua lisichome mchana. Katika sehemu zenye ukungu huzuia pia matone ya maji yanayojikusanya chini ya bati na kumdondokea mnyama. Tundu dogo la hewa karibu na paa ni la lazima, maana chumba kilichozibwa kabisa hujaa unyevu wa pumzi.

Kuta za udongo hufaa sana. Nyumba za tembe zilizojengwa Unyamwezi na Ugogo, zenye kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo, huhifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Mfano unaojulikana ni tembe la Kwihara karibu na Tabora alimokaa David Livingstone, ambalo lilijengwa upya na kuwa makumbusho. Kibanda cha matofali ya udongo hufuata kanuni ile ile kwa gharama ndogo. Kasoro yake ni nyufa. Ndani yake hujificha papasi, aina ya kupe laini anayefyonza damu usiku na kueneza homa ya papasi kwa binadamu. Robert Koch alipochunguza ugonjwa huo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 aliwakuta papasi kwenye vibanda vya kupumzikia vya njia za misafara. Kuta za udongo kwa hiyo hupigwa lipu na nyufa huzibwa kila mwaka.

Matandiko

Matandiko bora ni mabua makavu ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi baada ya mavuno katika wilaya za Nzega na Igunga, au nyasi kavu. Mabua yana uwazi ndani na hushika hewa. Mbwa huyachimba na kujitengenezea kiota. Kina cha sentimita 15 au zaidi kinahitajika, kwani safu nyembamba husukumwa pembeni usiku wa kwanza. Maranda ya seremala hutumika pia, lakini vumbi la mbao za mninga huwasha pua na mapafu. Mabua ya tumbaku, zao kubwa la mkoa wa Tabora, hayafai kabisa kwa sababu nikotini ni sumu kwa mbwa.

Blanketi kuukuu huonekana kuwa zawadi nzuri, lakini hunyonya maji na kukaa limelowa. Gunia lililojazwa mabua na kushonwa mdomo ni bora. Matandiko hubadilishwa kila wiki, na ya zamani huchomwa ili kuua viroboto na kupe.

Jiko la mkaa halipaswi kuwekwa kibandani wala mlangoni mwake. Mbali na hatari ya moto kwenye mabua, mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua mnyama akiwa usingizini. Taa ya umeme nayo ina hatari zake, hasa kwa mbwa wachanga wanaotafuna nyaya.

Watoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila uwezo wa kutetemeka, na kwa wiki ya kwanza joto la mwili wake huwa kati ya 35 na 37 °C tu. Hutegemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Mahali anapolala panapaswa kuwa na joto la 29 hadi 32 °C katika wiki hiyo, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Usiku wa Julai mjini Tabora uko nyuzi 15 chini ya kiwango hicho, na mtoto aliyetambaa mbali na wenzake juu ya saruji anaweza kufa kabla ya asubuhi. Vifo hivyo mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa au kwamba mama amewakataa. Ubao wenye kimo cha sentimita 15 mlangoni, ambao mama anaweza kuuruka, huwazuia wasitoke.

Mtoto aliyepoa hapewi maziwa kwanza. Tumbo lake huacha kufanya kazi joto linaposhuka chini ya 34.5 °C hivi, na maziwa huweza kuchacha ndani au kuingia mapafuni. Hupashwa joto polepole, kwa saa moja hadi tatu, kwa kuwekwa kifuani ndani ya nguo au karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, huku akigeuzwa mara kwa mara. Anapoanza kujinyonganyonga na kutafuta chuchu ndipo hurudishwa kwa mama.

Sheria

Nchini Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, pamoja na kumpatia makazi yanayofaa. Nchi za baridi zimeandika vipimo zaidi. Kanuni za Marekani kwa wafuga mbwa wa biashara hudai matandiko safi na makavu hali ya hewa inaposhuka chini ya 10 °C, na ya ziada chini ya 1.7 °C. Kanuni ya Ujerumani kuhusu mbwa, iliyotolewa mwaka 2001, hutaka kibanda kisicho na kipasha joto kiwe na ukubwa ambao mbwa anaweza kuupasha kwa joto la mwili wake mwenyewe.