Smethwick: Kiti Kilichopotea kwa Sababu ya Rangi ya Jirani

Smethwick ni mji wa viwanda unaopakana na Birmingham, katikati ya Uingereza. Tangu 1918 hadi Februari 1974 ulikuwa na mbunge wake katika bunge la London. Ni kiti kimoja tu kati ya mamia, lakini kilichotokea pale 1964 kilikuja kuwagusa hata watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa, na wengi wetu hatukuwahi kuhadithiwa.

Kiti hiki kilianza na visa. Uchaguzi wake wa kwanza, 1918, ndio uliokuwa wa kwanza kwa wanawake wa Uingereza kuruhusiwa kugombea ubunge, na Christabel Pankhurst, mmoja wa viongozi wa vita vya kudai kura ya wanawake, akaja kujaribu bahati Smethwick. Alishindwa na John Davison wa chama cha Labour kwa kura 775. Davison alipojiuzulu 1926, Labour ikamsimamisha Oswald Mosley, tajiri wa kizazi cha mabwanyenye, na akashinda kwa urahisi. Huyu ndiye Mosley aliyekuja kuanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza 1932. Kufikia hapo Smethwick ilikuwa imeshatwaliwa na Conservative, walioikalia hadi 1945.

Mwaka huo Labour ilikirudisha kiti kupitia Alfred Dobbs. Matokeo yalitangazwa tarehe 26 Julai. Kesho yake Dobbs akafa katika ajali ya gari. Hata kiapo hakuwahi kula. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Oktoba, akaingia Patrick Gordon Walker, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Gordon Walker alikaa na kiti hicho miaka 19. Alikuwa msomi na waziri, mtu wa London zaidi kuliko wa Smethwick. Na asidhani mtu kwamba alikuwa mtetezi wa watu weusi. Yeye ndiye waziri wa masuala ya Jumuiya ya Madola aliyemzuia Seretse Khama kurudi kwao Bechuanaland, Botswana ya leo, baada ya Khama kuoa mwanamke mzungu na makaburu wa Afrika Kusini kuja juu. Lakini serikali ya Conservative ilipoleta mswada wa kuwabana wahamiaji kutoka makoloni ya zamani, ule uliokuwa sheria 1962, Gordon Walker alisimama bungeni kuupinga kwa niaba ya chama chake. Hilo Smethwick hawakulisahau.

Viwanda vya kuyeyusha chuma vya mji ule vilikuwa vimewaajiri Wapunjabi wengi, hasa Masingasinga, na watu kutoka visiwa vya Karibi. Nyumba zilikuwa chache, foleni ya nyumba za baraza la mji ilikuwa ndefu, na lawama ikatafutiwa mtu wa kubebeshwa. Tayari 1959 ushindi wa Gordon Walker ulikuwa umepungua hadi kura 3,544. Mgombea wa Conservative, mwalimu na diwani Peter Griffiths, alilijua jeraha liko wapi. Mitaani ikaenea kaulimbiu kwamba anayetaka mtu mweusi awe jirani yake aipigie Labour kura, nayo ilitumia tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Griffiths hakudai kuwa yake, ila alikataa kuilaani. Alisema ni hisia za wananchi. Sisi Kenya lugha ya namna hiyo tunaijua, tumeisikia ikiitwa madoadoa.

Tarehe 15 Oktoba 1964 Labour ilirudi madarakani baada ya miaka 13, lakini Smethwick ilikwenda kinyume na nchi. Griffiths alipata kura 16,690, Gordon Walker 14,916. Waziri Mkuu Harold Wilson alisema bungeni kwamba Griffiths atakaa humo kama mkoma. Gordon Walker akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje bila kiti, akatafutiwa kingine Leyton, London, na Januari 1965 akashindwa huko pia, kwa kura 205. Ikabidi ajiuzulu.

Ndani ya mji, baraza lilikuwa na mpango wa kununua nyumba za Marshall Street na kuzipangisha kwa wazungu tu. Waingereza weusi na Wahindi walipinga, na Februari 12, 1965 alifika Al-Hajj Malik el-Shabazz, yaani Malcolm X, kwa mwaliko wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Miezi michache nyuma alikuwa huku kwetu, Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Akaitembea Marshall Street kwa miguu, waandishi wakimfuata. Siku tisa baadaye aliuawa New York, Mola amrehemu. Mpango wa nyumba haukupita; serikali iliuzuia.

Griffiths mwenyewe hakudumu. Machi 1966 mwigizaji Andrew Faulds aliirudisha Smethwick kwa Labour.

Wengi huikomesha hadithi hapa, kwamba ubaguzi ulishindwa. Mimi sikubali. Labour ilikirudisha kiti lakini hofu ilibaki. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa sababu ya sheria zetu mpya za uhamiaji na leseni za biashara, serikali ya Labour ilipitisha bungeni kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia wasiingie kwa uhuru. Mwenye pasipoti ile ile, kama hakuwa na mzazi au babu wa Uingereza, alifungiwa mlango. Familia zikakwama, nyingine zikizungushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Na Waziri wa Elimu katika baraza hilo la mawaziri alikuwa nani? Patrick Gordon Walker, aliyekuwa amepata kiti cha Leyton 1966, yule yule aliyeipinga sheria ya 1962.

Kiti kilivunjwa 1974, eneo likaingizwa Warley. Mwaka 2024 jina la Smethwick lilirudishwa kwenye ramani ya uchaguzi, na aliyechaguliwa ni Gurinder Singh Josan wa Labour, Singasinga.