Umbo, Kipimo na Jina: Ulinganisho wa Visodo vya Watengenezaji Watatu, 1931–1990

Kisodo, yaani sodo ndogo inayowekwa ndani ya uke ili kufyonza damu ya hedhi, huonekana kuwa kifaa rahisi. Makala hii inadai kwamba historia ya usanifu wake ni historia ya maneno pia: kila mtengenezaji alibuni umbo lake, lakini kwa miongo kadhaa watumiaji walikosa lugha ya pamoja ya kuyalinganisha.

Umbo la kwanza ni la Earle Haas, daktari wa Denver, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1931 na kuipata mwaka 1933. Haki hiyo ilinunuliwa na Gertrude Tendrich, na bidhaa ikauzwa kwa jina la Tampax. Pamba iliyoshindiliwa ilishonewa uzi wa kuitolea, ikatiwa katika mirija miwili ya karatasi ngumu, mmoja ukiteleza ndani ya mwingine. Hivyo mwanamke hakulazimika kuigusa pamba yenyewe. Ilipolowa, ilirefuka zaidi kuliko kutanuka.

Bidhaa ya o.b. ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1950, ikiwa imesanifiwa na daktari wa wanawake Judith Esser-Mittag. Haikuwa na mirija: iliwekwa kwa kidole na kutanuka kwa upana. Ilikuwa ndogo na yenye taka chache, lakini ilimtaka mtumiaji aujue mwili wake. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya ‘bila sodo’.

Rely, ya kampuni ya Procter & Gamble, ilifuata katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Vipande vya povu la poliesta na kaboksimethiliselulosi vilifungwa katika kifuko mfano wa kifuko cha majani ya chai, kwa lengo la kufyonza kwa wingi. Mwaka 1980 uchunguzi wa mamlaka za afya za Marekani uliihusisha na sindromu ya mshtuko wa sumu, inayotokana na sumu za bakteria. Septemba mwaka huo iliondolewa sokoni. Hata hivyo, hatari haikuwa ya Rely pekee: iliongezeka kadiri uwezo wa kufyonza ulivyoongezeka.

Hapo ndipo upungufu wa lugha ulipodhihirika. Kisodo cha ‘kawaida’ cha kampuni moja kiliweza kufyonza sawa na cha ‘super’ cha nyingine. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika mwaka 1990, iliyafunga maneno hayo kwenye vipimo: kawaida, gramu 6 hadi 9; super, gramu 9 hadi 12.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na Rwanda mwaka 2019. Hatua hizo zinagusa bei. Historia hii inaonesha kwamba usalama hudai zaidi ya bei: istilahi sanifu, iliyofungamanishwa na kipimo, katika lugha ambayo mtumiaji anaielewa.