Mlio wa Injini na Sumu ya Petroli

Yeyote aliyepanda motakaa iliyokwisha kuzeeka ausikia mlio wake ipandapo mlima na mzigo: ko, ko, ko, kama nyundo ndogo ipigayo chuma. Leo twapenda kuwasimulia habari ya mlio huo.

Ndani ya silinda, mvuke wa petroli na hewa hushindiliwa, kisha cheche huuwasha. Moto wapaswa kuenea kwa taratibu, kama moto wa nyasi. Lakini joto likizidi, mvuke ambao moto haujaufikia huwaka wenyewe ghafula. Pigo hilo ndilo tulisikialo. Walakini, kushindilia sana ndiko kuipatiako injini nguvu nyingi kwa petroli kidogo. Basi kila fundi aliyetaka kuokoa petroli alizuiwa na mlio huu.

Katika mji wa Dayton, Marekani, Charles Kettering alilaumiwa ya kuwa mitambo yake ya umeme ndiyo igongeshayo injini. Kazi ya kutafuta sababu akampa Thomas Midgley. Mwaka 1916 walikumbuka ua la porini lenye majani mekundu, lichanualo mapema wakati wa baridi, wakadhani wekundu hunasa joto. Midgley akatia petrolini iodini, dawa ya vidonda, ili iwe nyekundu. Mlio ukakoma! Akajaribu rangi nyingine nyekundu, zisifae kitu. Ndipo walipojua ya kuwa si rangi iliyofanya kazi, ila iodini yenyewe.

Iodini ilikuwa ghali, wakaendelea kutafuta. Tarehe 9 Desemba 1921 wakapata dawa iliyotengenezwa kwa risasi. Kidogo tu yatosha. Ikauzwa tangu 1923. Sumu ya risasi ilijulikana tangu kale, na spiriti nayo ilijulikana kuwa hutuliza mlio. Hata hivyo risasi ikachaguliwa. Oktoba 1924 wafanya kazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Mwezi uo huo Midgley alinawa dawa hiyo mbele ya waandishi wa magazeti ili kuonyesha haina hatari, naye alikwisha kuugua kwa risasi mwaka uliotangulia!

Uuzaji ukasimamishwa 1925, ukarudi 1926. Moshi wake ukaenea duniani, na wataalamu wakathibitisha ya kuwa risasi hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Nasi wenye gari zee tufanyeje? Ikigonga mlimani, tupunguze gia, tusikanyage mafuta kwa nguvu. Kisha fundi atazame kama cheche hutoka mapema mno, au kama masizi yamejaa silindani. Lakini mlio mzito usiokoma hata pasipo mzigo ni jambo jingine: tusimame mara moja, tupime oili.

Sisi walimu twaisimulia habari hii kwa sababu waliodhurika zaidi ni watoto, ambao hawakuwa na motakaa wala hawakuulizwa. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.