Wazima Moto wa Durlach

Mwanafunzi mmoja alinijia baada ya kipindi, akataka nimwamulie shauri lililokuwa baina yake na baba yake. Kijana huyu apenda mchezo fulani wa kompyuta ambao mchezaji hukabidhiwa mji mzima, naye hana budi kupeleka magari ya zimamoto na ya wagonjwa kila yanapohitajika. Baba yake amwambia kwamba huo ni upuzi mtupu; atakaye kuzima moto na ashike ndoo. Nilimwomba anipe siku mbili, kwa maana jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko walivyodhani wote wawili, na sehemu iliyo bora ya historia hiyo yatoka nchi ya Ujerumani.

Zamani, katika miji ya Ulaya, kuzima moto ilikuwa kazi ya kila mtu. Kengele ya kanisa ilipolia, mwenye nyumba alitoka na ndoo yake ya ngozi, watu wakapanga safu kutoka kisimani hadi kwenye moto, wakapokezana maji mkono kwa mkono. Msomaji ataona mara moja ila ya desturi hiyo. Kazi ya kila mtu, aghalabu, haina mwenyewe. Watu walikuja wengi, wakapiga kelele, wakazuiana njia, na kila mmoja akatoa amri. Mwezi wa Mei mwaka 1842 moto ulizuka katika mji wa Hamburg, ukawaka siku tatu na zaidi. Watu 51 walikufa, na wapatao 20,000 wakakosa makao.

Mwaka huo huo fundi mmoja, Carl Metz, alifungua karakana mjini Heidelberg akaanza kuunda pampu za kuzimia moto. Pampu hizo ziliendeshwa kwa nguvu za mikono. Wanaume walisimama pande mbili za mtaimbo mrefu, hawa wakashusha huku wale wakiinua, na maji yakasukumwa katika mpira hata yakaruka juu ya paa. Kazi hiyo huchosha kwa muda wa dakika chache tu, kwa hiyo lazima wawepo wengine tayari kushika zamu, na kubadilishana huko kusikatize maji. Tena yuko anayeshika ncha ya mpira, yuko anayepanda ngazi, na yuko mmoja, mmoja tu, anayetoa amri. Metz alitambua kwamba pampu yake mikononi mwa umati wa watu wasiofundishwa ilikuwa chombo kizuri kisicho na faida. Alisafiri akiwahimiza watu wa miji waunde vikosi vya kujitolea na kuvifanyisha mazoezi.

Mmoja aliyekubali shauri hilo alikuwa Christian Hengst, mjenzi wa mji mdogo wa Durlach. Mwaka 1846 alikusanya wananchi, mafundi na wafanyi biashara, akaunda kikosi. Hawakulipwa mshahara. Walijifunza kupanda ngazi, kukunjua mpira na kuendesha pampu ya Metz, ingawa hapakuwa na nyumba iliyoungua. Naam, yawezekana wapita njia waliowaona wakikimbia na ngazi kuelekea ukuta usio na moto waliwacheka.

Tarehe 28 Februari 1847, katika mji wa Karlsruhe, ulio umbali wa kilometa chache tu kutoka Durlach, watu walikuwa wakiingia katika jumba la michezo ya kuigiza. Taa za gesi zilipokuwa zikiwashwa katika chumba cha mtawala, mapambo yakashika moto. Jengo lenyewe lilikuwa na mbao nyingi sana. Walioketi chini waliweza kutoka, bali wengi wa waliokuwa juu kabisa, mahali pa tiketi za bei nafuu, hawakupata njia. Walikufa watu zaidi ya 60.

Watu wa Karlsruhe walikuja mbio kwa desturi ya zamani, wengi na wenye ujasiri, lakini bila mpango. Kisha wakafika watu wa Durlach na pampu yao. Jumba halikuweza kuokolewa, wala wale waliokwisha kufa. Lakini kikosi kile kidogo kiliuzuia moto usienee katika majengo ya jirani. Waliotazama waliona tofauti kwa macho yao. Habari zikaenea, na katika miaka iliyofuata vikosi vya kujitolea vikaundwa katika miji mingi ya Ujerumani.

Hapa pana jambo ambalo baba wa mwanafunzi wangu asingalilitazamia. Wengi wa waliojiunga na vikosi hivyo walitoka katika vyama vya mazoezi ya viungo. Vyama hivyo vilifuata mfano wa Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua kiwanja cha mazoezi mjini Berlin mwaka 1811. Vijana walipanda kamba, wakaruka vihunzi na kutembea juu ya nguzo, na wazee kadha wa kadha waliwaona kuwa wapoteza wakati. Serikali ya Prussia hata ilipiga marufuku viwanja vyao kwa miaka mingi, kwa kuwaogopa kwa sababu za siasa. Moto ulipozuka, aliyezoea kupanda kamba kwa mchezo ndiye aliyeweza kupanda ngazi kwa kuokoa maisha.

Ujerumani ya leo ina wazima moto wa kujitolea wapatao milioni moja. Miji mikubwa ina vikosi vya kulipwa, bali mashambani na katika miji midogo mwokaji mikate au karani huacha kazi yake anapoitwa, akakimbilia gari. Maofisa wao hujifunza pia kwa mchezo: juu ya meza hupangwa nyumba ndogo na magari madogo, na mwanafunzi huulizwa, moto uko hapa, upepo watoka kule, utaliweka wapi gari la kwanza? Kutoka meza hiyo hadi kompyuta si mwendo mrefu. Mwaka 1998 ulitolewa nchini humo mchezo uitwao Emergency, ambao mchezaji huamuru wazima moto, waganga na polisi. Na mwaka 2016 ukatoka mwingine, Notruf 112, uliotengenezwa kwa msaada wa kikosi cha zimamoto cha mji wa Mülheim.

Mimi naona baba na mwana wamegawana ukweli. Mchezo waweza kumfundisha mtu kutazama kwanza kabla ya kukimbia, na hilo si dogo. Lakini hauna moshi, wala mpira uliojaa maji hauvuti mabega. Na aliyekufa ndani yake hufufuka kwa kubonyeza kidude.

Nilimweleza kijana hayo yote. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, zile ndoo nyekundu za bweni letu zina mchanga?" Nilikuwa nikizipita kila siku, nami sikuweza kumjibu. Tulikwenda pamoja kutazama. Mbili zilikuwa na mchanga. Ya tatu ilijaa karatasi na maganda ya ndizi, tukaimwaga.